Punda walipopitiliza hadi Naiyobi: tulivyochagua GPS na redio koli kwa safari ya miguu

Mwezi wa saba, saa kumi na moja na robo jioni, nilikuwa nimesimama ukingoni mwa kreta ya Empakaai na wageni wanane, mpishi, askari wa hifadhi, kijana mmoja wa Kimaasai na sufuria moja. Sufuria ile mpishi huibeba mwenyewe kwa sababu hawaamini punda. Vingine vyote, mahema, magodoro, mchele, majaketi mazito ya wageni, vilikuwa migongoni mwa punda sita waliotangulia tangu asubuhi, na tulitarajia kuwakuta pale mahema yameshasimama na chai iko jikoni. Hawakuwepo. Nilizunguka uwanja wa kambi natafuta angalau kinyesi kibichi. Hata hicho hakikuwepo.

Anayeijua nyanda ya juu ya Ngorongoro mwezi wa saba anaujua ukungu wake. Haupigi hodi. Unainama kufunga kamba ya kiatu, ukiinuka ule mti uliokuwa mbele yako umekwenda. Sehemu ya juu ya ukingo wa Empakaai inapita mita 3,200 kutoka usawa wa bahari, na jua likizama baridi yake si ya kutaniana nayo.

Kosa lilikuwa la mdomo, tena mdomo wangu. Asubuhi kule Bulati nilimwambia mwenye punda, "Mzee, leo tunapitia Empakaai, ndiyo tunalala." Yeye Kiswahili chake kakiokota mnadani. Akasikia kwamba Empakaai ni ya kupita, na kulala ni mbele, Naiyobi, ambako isitoshe ana shemeji yake. Nimeirudia sentensi ile kichwani mara nyingi tangu siku hiyo, na kusema kweli mzee hakukosea. Niliyeongea vibaya ni mimi.

Simu zetu zote zilikuwa hazina mtandao. Redio pekee pale ukingoni ilikuwa ya askari. Aliita kituo chao, kituo kikamjibu bila mkwaruzo wowote, kikauliza kisaidie nini. Askari akanitazama. Punda hawana redio.

Yule kijana akaondoka na mkuki wake na tochi ya kichwani ya mgeni mmoja, akaingia msituni kuelekea Naiyobi, msitu ambao una nyati, na ndiyo sababu tunalazimika kutembea na askari. Punda walirudi saa tano usiku. Kabla ya hapo, mama mmoja wa miaka sitini na ushee alikuwa ametetemeka mpaka akaacha kutetemeka, na aliyewahi kufanya kazi mlimani anajua kwamba kuacha huko si nafuu hata kidogo. Askari alimvulia koti lake, tukamkalisha karibu na moto katikati ya miili yetu, mpishi akachemsha maji kwenye ile sufuria yake na kumnywesha kidogo kidogo. Alipona. Asubuhi akaomba radhi kwa kutusumbua, jambo ambalo liliniumiza zaidi kuliko angenigombeza.

Naanza na habari hii yote kwa sababu ndiyo inayoamua kifaa. Watu wengi wanaoniuliza ninunue GPS gani, yaani kifaa cha kukuonyesha ulipo, huanza na bei, au na picha ya kioo. Mimi huwauliza siku yao mbaya ilikuwaje. Siku ile yetu, ukiitazama vizuri, hakuna aliyepotea. Mimi nilijua niko wapi. Mzee wa punda alijua yuko wapi kuliko mimi. Tatizo ni kwamba hakuna kati yetu aliyejua mwenzake yuko wapi, wala hakuwa na njia ya kumuuliza.

Barua kutoka Colorado

Mmoja wa wale wageni ni mwindaji wa kwao Colorado, Marekani, mtu wa milima. Miezi miwili baadaye akaniandikia: kule kwetu shida yenu ina dawa yake, inaitwa Rino, na mwakani nikija nakuleteeni nne kama zawadi.

Rino ni kifaa cha Garmin. Za kwanza, 110 na 120, zilitoka mwaka 2002, na jina lenyewe ni kifupisho cha maneno yanayomaanisha redio iliyounganishwa na uongozaji njia kwa watu wa nje. Ndani ya mwili mmoja kuna GPS kamili yenye ramani na redio koli kamili ya kuongelea. Uzuri wake hauko katika kuunganisha vitu viwili tu, maana hata simu ina vitu kumi ndani. Uko hapa: ukibonyeza kitufe, ukaongea, ukaachia, redio inatuma na mahali ulipo. Mwenzako mwenye Rino nyingine anasikia sauti yako, na papo hapo anaona kidoti chako kwenye ramani yake. Bila mtandao wa simu, bila malipo ya mwezi.

Nilisoma barua ile nikaona ule usiku wa Empakaai unafutika. Kama mzee angekuwa na moja na mimi moja, ningebonyeza saa nane mchana, ningeona kidoti chake kimeshavuka ukingo kinateremka Naiyobi, ningemwambia mzee rudi. Kwa hiyo nasema mapema kabisa: hiki si kifaa kibaya. Kwa swali letu lile, ndicho kifaa pekee nilichokiona kinachojibu swali zima. Na bado hatukukichukua.

Masafa ya watu

Redio yoyote inaongea kwenye masafa fulani, na masafa ni kama shamba: lina mwenyewe. Marekani wametenga sehemu ya masafa ya 462 na 467 MHz kwa ajili ya wananchi wa kawaida. Kuna huduma ya familia isiyohitaji leseni, iliyoanzishwa 1996 kwa nguvu ya nusu wati na kuongezewa hadi wati 2 kwenye baadhi ya chaneli mwaka 2017. Kuna na ile ya nguvu kubwa zaidi inayotaka leseni ya dola 35 kwa miaka kumi. Huko mtihani hakuna, unalipa tu, na leseni ya baba inatumiwa na nyumba nzima. Rino imezaliwa ndani ya sheria hiyo. Rino 750, ya mwaka 2017, inarusha wati 5 kwenye chaneli za leseni.

Huku kwetu masafa hayo hayakutengwa kwa kila mwenye dola 35. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inataka anayetumia masafa awe na leseni, na kifaa chenyewe kiwe kimekubaliwa na TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano. Hata Ulaya, ambako kuna redio za wananchi zisizo na leseni, ni za masafa mengine kabisa, 446 MHz, na nguvu yake ni nusu wati. Kwa hiyo kijiredio halali Denver si lazima kiwe halali Berlin, sembuse Arusha.

Ungeniambia kwamba milimani hakuna anayekagua. Kweli. Lakini pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, mizigo inafunguliwa, na mgeni mwenye redio nne za wati tano ndani ya begi atanitaja mimi kama mwenyeji wake. Halafu kuna jambo ambalo lingenisumbua hata kama hakuna afisa wa forodha duniani: hujui unaongea juu ya nani. Masafa yale huku anaweza kuwa amepewa mtu mwingine, mwenye mgodi, ulinzi, hata gari la wagonjwa. Na Rino haibadiliki. Redio za kawaida za kazi unampelekea fundi anakupangia masafa uliyopewa. Rino imefungwa kwenye chaneli zake za Marekani kama saa ya ukutani.

Kilomita 32 za kwenye boksi

Watengenezaji wanasema Rino 750 inafika maili 20, yaani kilomita 32. Sisemi wanadanganya. Nasema waulize walisimama wapi.

Wimbi la redio hizi huenda karibu sawasawa na jicho. Lisipoweza kufika jicho, sauti nayo ina mashaka. Mtu mzima aliyesimama mahali tambarare kabisa, mfano kandokando ya Ziwa Natron, upeo wake wa macho uko kama kilomita 5, kwa sababu dunia yenyewe inajikunja. Wawili wakielekeana wapate labda kumi. Baada ya hapo hata uongeze wati, unaipigia ardhi kelele. Hizo kilomita 32 ni za mtu aliye kileleni na mwenzake aliye kilele cha pili, kati yao hewa tupu.

Nililijaribu hili kwa mguu wangu. Niliazima redio mbili za mkononi za kampuni, nikamwacha dereva ukingoni kwa Empakaai, maana gari linafika, nikashuka ndani ya kreta mpaka ziwani kwenye heroe. Mita mia kadhaa chini yake, msitu umetutenganisha, lakini mstari uko wazi: nilimsikia akitafuna. Kesho yake nikaelekea njia ya Naiyobi. Nilipozunguka bega la kwanza la kilima, dereva yuko chini ya kilomita moja nyuma yangu, redio ikawa inakohoa tu. Nikapanda hatua arobaini kwenye kichuguu cha mawe pembeni ya njia. Akarudi, safi.

Hatua arobaini. Hilo ndilo somo nililompa kila mtu tangu siku ile, na halijali umenunua redio gani: ukitaka kuongea, kwanza panda.

Sasa tazama safari yetu nzima. Kutoka Empakaai hadi Engare Sero, kijiji tunakomalizia safari, ni kama kilomita 30 kwa mstari ulionyooka, karibu sawa na maneno ya kwenye boksi. Lakini katikati unateremka kutoka zaidi ya mita 3,000 mpaka kama 600, kupitia makorongo, matuta ya majivu ya zamani, Kerimasi upande mmoja, Ol Doinyo Lengai mbele, na mwisho ukuta wenyewe wa Bonde la Ufa. Gari linalotupokea haliwezi kupita tunakopita. Linarudi linazunguka kwa Mto wa Mbu, Selela na Engaruka mpaka chini. Kwa siku tatu kati ya nne, kati yangu na gari kuna mlima. Hakuna redio ya mkononi, ya dola mia au ya dola mia sita, itakayotoboa mlima.

Nani yuko upande wa pili

Hapa ndipo nilipokwama kwa muda mrefu, na jibu lilitoka kwa mtu ambaye sikumuuliza. Dereva wetu alikuwa anasikiliza mabishano yangu na bosi ofisini Arusha, Rino, sijui wati, sijui leseni, akasema: "Kaka, hiyo redio ya mzungu itaongea na gari langu?"

Haitaongea. Magari yetu, kama mengi ya utalii Arusha, yana redio za VHF, masafa ya chini zaidi kuliko yale ya Rino, na kampuni ina leseni ya masafa yake tayari. Gari lina antena ndefu juu ya paa na nguvu kubwa kuliko ya mkononi. Rino nne zingeongea zenyewe kwa zenyewe, duara la watu wanne, na siku moja akizimika mmoja wamebaki watatu. Redio ya VHF ya mkononi iliyopangwa na fundi kwenye masafa yetu inaongea na magari yote ya kampuni, siku tunapoteremka Engare Sero inaongea na dereva kabla hatujamwona, na mwakani tukiongeza mtu tunanunua moja tu.

Nilikuwa nimetumia wiki mbili nalinganisha vifaa kama mtu anayelinganisha ng'ombe, meno, pembe, miguu. Thamani ya redio iko kwa yule anayekujibu.

Halafu mzee wa punda mwenyewe. Nilimwonyesha picha ya Rino ile kubwa kwenye simu yangu, kioo cha kugusa, ramani, vidoti. Akaiangalia kwa heshima akanirudishia. "Hii ni ya kusoma," alisema. Ile ya VHF alipewa Bulati, akaikamata mara moja: swichi ya juu unazungusha inawaka na sauti inapanda, kitufe cha pembeni unabonyeza unaongea, unaachia unasikiliza. Akaifunga ndani ya shuka, antena ikatokeza begani. Mikono yake ina fimbo na kamba ya punda kutwa nzima, kioo cha kugusa angekigusa na nini?

Kuhusu betri nitasema kidogo tu. Rino 750 inatangazwa kukaa saa 14. Safari yetu ni ya siku nne. Kinachonitia wasiwasi kuliko hizo saa ni kwamba ramani na maongezi vinakula sahani moja. Mtu akibishana redioni asubuhi nzima, jioni kwenye ukungu hana ramani. Vifaa viwili vikitengana, kimoja kikifa kingine kinaishi. Huu ni ushamba wangu pengine, lakini ni ushamba uliotokana na baridi, maana betri kule juu alfajiri hushuka kama imeibiwa. Tunalala nazo ndani ya mifuko ya kulalia, zimefungwa kwenye soksi.

Mita 300

Nilisema siku ile hakuna aliyepotea, kwa hiyo GPS peke yake isingetuokoa. Isije ikaonekana naidharau. Kuna siku nyingine ilitusumbua yenyewe, na ni vizuri ijulikane, kwa sababu kosa lile liko kwenye kila kifaa, Rino, GPS ndogo kama eTrex, hata simu.

Kijana mmoja mwongozaji, mzuri sana kazini, alichukua ramani ya serikali ya 1:50,000, akasoma kwa makini namba za sehemu ya maji iliyo ng'ambo ya korongo tunapoteremkia Engare Sero, akaziingiza kwenye GPS ya kampuni. Tukafuata mshale. Mshale ukatufikisha kwenye ukingo wa korongo, ukasema umefika. Maji tunayaona kwa macho, yako upande wa pili, na kati yetu kuna genge ambalo mbuzi angelifikiria mara mbili. Ikabidi turudi juu karibu saa nzima kutafuta kivuko, jua la saa saba, wageni wameshamaliza chupa zao.

GPS ilikuwa nzima. Ramani ilikuwa nzima. Ramani zetu za zamani zilichorwa kwa kipimo kinachoitwa Arc 1960, na GPS ikitoka dukani inahesabu kwa WGS 84. Ni kama watu wawili wanaopima shamba moja, kila mmoja kaanza hatua ya kwanza mahali pake. Kwa kaskazini mwa Tanzania tofauti ni karibu mita 300, nyingi ikiwa ya kaskazini na kusini. Ukiwa Serengeti mita 300 si kitu. Ukiwa kwenye makorongo, ndiyo tofauti ya kunywa na kutokunywa.

Dawa yake haina gharama. Kwenye mipangilio ya GPS za mkononi kuna sehemu ya kuchagua kipimo cha ramani, unaweka Arc 1960 unapoingiza namba kutoka ramani ile, kisha unarudisha. Programu nyingi za ramani za simu hazikupi chaguo hilo, na kwangu hiyo ni sababu kubwa ya kuendelea kubeba GPS ya kweli kuliko uimara na kutoingia maji. Kingine: mstari wa nyuzi 36 mashariki unapita karibu na Natron, na hapo kanda ya namba za ramani hubadilika kutoka 36 kwenda 37. Ukivuka kwenda upande wa mlima Gelai na hukuangalia, kifaa kitakuambia uko mahali ambapo hata ndoto haijakufikisha.

Na kwa kuwa naulizwa kila safari: GPS haili bando. Haitumi chochote. Inasikiliza tu setilaiti zilizo juu kilomita 20,200 na kupiga hesabu yenyewe. Simu yako isiyo na laini inajua ilipo, mradi umepakua ramani kabla hujatoka mjini. Kwa sababu hiyo hiyo, GPS haiwezi kumwambia mtu kwamba umeanguka. Inajua ulipo, ila haijui kusema.

Tulichonunua

Redio za VHF za mkononi nne, wati 5, zimepangwa kwenye masafa ya kampuni. Moja kwa mzee wa punda, moja kwangu mbele, moja kwa msaidizi anayefunga mkia, moja ya akiba. GPS moja ndogo, eTrex, inayokula betri mbili za AA ambazo duka la Karatu huwa nazo. Na kifaa kimoja cha ujumbe wa setilaiti, inReach Mini 2, gramu 100, kinachotumia setilaiti 66 za kampuni ya Iridium.

Hicho cha mwisho ndicho kilichobishaniwa zaidi kwa sababu kina malipo ya mwezi. Lakini ndicho kinachoziba lile pengo ambalo redio haiwezi: kati yangu na ofisi, mlima ukiwa katikati. Naandika herufi zisizozidi 160, kikiona anga kinatuma, na wao wananijibu. Ndani ya korongo nyembamba au chini ya msitu mzito kinachelewa, nimewahi kungoja dakika ishirini. Kina kitufe cha dharura pia, na tumekubaliana utaratibu wetu. Kitufe kile kinapeleka taarifa kituo cha dharura kilichoko Texas, ambacho nacho kitaanza kutafuta nani wa kumpigia Tanzania. Kama mtu anaweza kuandika, aandikie ofisi Arusha kwanza. Ofisi inamjua daktari, inamjua rubani, inajua namba ya kituo cha hifadhi. Kitufe ni cha aliyebaki peke yake, au cha pale ambapo ofisi haijibu.

Kilichopotea katika uamuzi huu ni kile kidoti. Kwenye ukungu sioni mzee alipo, lazima nimuulize kwa mdomo, na tumeshaona mdomo unavyoweza kufanya. Kinachotuokoa ni kwamba anaijua nchi ile kwa majina. Nikimuuliza uko wapi, haniambii namba, ananiambia ameshapita ule mgunga uliopigwa na radi, na mimi baada ya miaka kadhaa naujua mgunga huo. Mwongozaji mgeni aliyetoka Moshi jana hatoujua. Kundi la watu wasioijua nchi, wote wanasoma ramani, wote wana kifaa kile kile, katika nchi ambayo masafa yale ni halali: hao wachukue Rino, na nisingebishana nao. Ndivyo nilivyomjibu yule rafiki wa Colorado. Hakununa. Alituletea tochi za kichwani kumi, na moja aliandika ni ya yule kijana.

Tulikubaliana pia saa za kuitana: kila saa kamili redio zote zinawaka dakika tano, na kabla ya kuita unapanda mahali pa juu. Na neno "kupitia" nimelifuta. Sasa nasema "leo tunalala Empakaai," mzee anarudia, "tunalala Empakaai," ndipo punda wanafunguliwa.

Safari ya kwanza na vifaa vipya, siku ya pili, saa nane kamili nilipanda kwenye jiwe nikamwita mzee. Kimya. Nikaita tena. Saa tisa, kimya. Moyo ukaanza kunienda mbio, ukungu nao ndio huo unapanda kutoka ndani ya kreta. Tulifika kambini saa kumi na nusu, mahema yamesimama, chai iko jikoni, mzee ameketi juu ya tandiko la punda na redio imelala kifuani, betri imekwisha kabisa.

Alikuwa ameigeuza chaneli. Madereva walioko chini huko Ngorongoro walikuwa wanabishana habari za Simba na Yanga, na kule juu walikuwa wanasikika vizuri mno. Aliwasikiliza tangu saa mbili asubuhi.

Nilimpelekea fundi redio ile tuliporudi, akafuta chaneli zote akabakiza mbili. Mzee aligundua siku ya kwanza ya safari iliyofuata. "Kijana wangu," alisema, ameishika ananizungushia ile swichi mbele ya uso, "hii umeirudisha ikiwa bubu."